Bastola tatu zinazofanana: Nani anamlinda mnunuzi wa mara ya kwanza Marekani?

Ingia duka la bunduki Texas, useme unanunua bastola kwa mara ya kwanza. Si ajabu muuzaji akakuwekea tatu mbele yako: Glock 19, Smith & Wesson M&P na SIG Sauer P320.

Kwa macho ya mgeni, ni kama mapacha. Zote zinapatikana kwa risasi za milimita 9, za ukubwa wa kati hubeba risasi 15, na bei hazipishani sana. Ndiyo maana wengi huishia kuchukua ile inayokaa vizuri mkononi.

Lakini mvutano kuhusu P320 umeonyesha tatizo. Tofauti kubwa ziko ndani ya bastola, na hakuna chombo cha serikali kuu kinachozipima kwa niaba ya mnunuzi.

P320 ina nini?

Januari 2017 Jeshi la Marekani liliichagua P320 kuwa bastola yake mpya, kwa majina M17 na M18. Kwa mnunuzi mpya hiyo ni sifa tosha. Kama jeshi limeiamini, yeye ni nani aikatae?

Agosti mwaka huohuo, majaribio yakaonyesha kwamba P320 za kiraia zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Kampuni ikatangaza marekebisho ya bure, ila kwa hiari: mwenye bastola ndiye wa kuirudisha.

Kisha zikaja kesi. Watu kadhaa, wakiwemo polisi, wanadai bastola zao zimefyatuka zikiwa kiunoni bila mtu kuvuta triga. SIG Sauer inakana na kusema P320 haifyatuki bila triga kuvutwa.

Mahakamani matokeo yamechanganyika. Kuna kesi kampuni ilishinda. Lakini Juni 2024 jopo la mahakama Georgia lilimpa mlalamikaji zaidi ya dola milioni 2, na Novemba jopo jingine Philadelphia likampa ushindi mwanajeshi mstaafu.

Julai 2025, mwanajeshi wa anga alifariki katika kambi ya F.E. Warren, Wyoming, na kamandi yake ikasimamisha M18. Baadaye mwanajeshi mwenzake akakamatwa kuhusiana na kifo hicho, na Agosti bastola zikarudishwa kazini baada ya ukaguzi.

Sasa fikiria: kamandi yenye mafundi wake ilihitaji wiki kadhaa kujiridhisha. Aliyesimama kaunta kwa dakika 20 atajuaje?

Nani anaweza kuamuru zirudishwe?

Birika la umeme likiwa na kasoro, Marekani ina Tume ya Usalama wa Bidhaa inayoweza kulazimisha lirudishwe. Gari nalo lina mamlaka yake. Bunduki haina. Bunge la Congress liliiunda tume hiyo kwa sheria ya 1972, na silaha zikaachwa nje. Kwa hiyo uamuzi unabaki kwa mtengenezaji.

Majimbo machache, California na Massachusetts yakiwemo, yana masharti yao ya kupima bastola kabla hazijauzwa. Texas haimo.

Kinachobaki ni kwenda mahakamani, na mlango huo nao unabanwa. New Hampshire, yaliko makao makuu ya SIG Sauer, ilipitisha sheria 2025 inayozuia kumshtaki mtengenezaji kwa sababu tu bastola yake haina vizuizi fulani vya nje vya usalama.

Watetezi wa kampuni wana hoja yao: nguo inaweza kunasa triga, mfuko wa bastola unaweza kuwa mbovu, na mtu akijipiga risasi kwa bahati mbaya ni rahisi kusingizia silaha. Ni hoja ya haki. Lakini ndiyo hasa sababu ya kutaka mkaguzi asiye muuzaji wala mlalamikaji. Bila yeye, kila upande unabaki na wataalamu wake.

Mnunuzi aulize nini?

Kwanza, kizuizi cha usalama kiko wapi na kinazuia nini? Glock ina kijiti kidogo katikati ya triga ambacho lazima kibonyezwe pamoja nayo. P320 ya kawaida haina kijiti hicho. Ya jeshi ina kizuizi cha kufunga kwa kidole gumba, lakini nyingi za kiraia zimeuzwa bila hicho. M&P inauzwa ikiwa nacho au bila.

Pili, kama ni P320 ya mtumba, je, ilitengenezwa kabla ya Agosti 2017, na ilifanyiwa marekebisho? Namba ya silaha inasaidia kuhakikisha.

Tatu, mfuko wa kubebea umetengenezwa kwa modeli hiyohiyo, na unafunika triga yote?

Kama una ndugu kule anayetaka kununua, mtumie maswali haya kabla hajalipa. Muuzaji halazimiki kumwambia asipouliza.