Mtu Bila Daftari



Katika ukurasa huu umezoea kusoma juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, miwani na mifuko ya mikono. Umekwisha kusoma juu ya ngazi iliyooza, waya wa umeme uliochubuka na jiwe linaloning'inia juu ya kichwa. Hayo yote ni ya lazima, nasi tutayarudia. Lakini leo tunataka kusema juu ya kitu kingine kinacholinda mwili wa mtu, ingawa hakivaliwi. Ni karatasi yenye jina lako.

Utasema: karatasi ni kazi ya watu wa buro, karatasi haizuii jiwe. Ngoja kidogo, tusikilizane.

Chukua kijana mmoja. Hatutasema jina lake wala la bwana wake wa kazi, kwa sababu kila mmoja wetu anamjua kijana wa namna hiyo. Anafanya kazi kwa kompani ndogo inayopewa kazi na kompani kubwa. Asubuhi anapanda motokari pamoja na wenzake, jioni anarudi. Kila Jumamosi analipwa mkononi. Hivyo imekwenda miezi minane. Siku moja anateleza kwenye ngazi ya mashine ya kusaga mawe, anaanguka, mguu unavunjika. Mwenzake anamkimbiza hospitali. Muuguzi anafungua kitabu na kuuliza: jina lake kamili nani? Mwenzake anajibu: «Sisi tunamwita Kadogo.» Bwana wake wa kazi nani? «Bwana mkubwa.» Namba yake ya CNSS? Kimya. Mke wake anakaa wapi? «Ng'ambo ya reli, kule.»

Miezi minane ya jasho, na hakuna mahali hata pamoja ambapo jina lake limeandikwa! Nani atalipa dawa? Mama yake atapata habari saa ngapi? Mguu usipopona vizuri, nani atakubali kwamba uliharibika kazini wala si katika mchezo wa mpira? Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na mtu bila daftari, je?

WAZEE WALIJUA NAMBA YAO

Muulize mzee yeyote aliyefanya kazi Union Minière au Gécamines. Anaweza kusahau mambo mengi, lakini namba yake ya matrikule ataitaja bila kusita. Namba ile ilikuwa mshahara, posho, nyumba ya kambi, shule ya watoto na kitanda cha hospitali.

Hatusemi kwamba zamani yote yalikuwa mazuri. Mwanzoni watu walikusanywa na Bourse du Travail du Katanga, iliyoundwa mwaka 1910, wakaletwa kutoka mbali kwa kontra za miezi michache tu. Wengi waliugua na wengi walikufa. Mtu aliyekuja leo na kuondoka kesho hakupata nafasi ya kuijua kazi, wala ya kuzijua hatari zake. Ndiyo sababu tangu mwaka 1928 hivi Union Minière ilianza kutoa kontra za miaka mitatu na kuwakubalia wanaume waje na wake zao. Haikufanya hivyo kwa upendo. Ilipiga hesabu ikaona kwamba mtu anayejulikana, anayekaa na kufundishwa, ana faida kuliko mtu wa kupita.

Mambo yamegeuka. Mwaka 2002 sheria mpya ya migodi ilifungulia mlango kompani nyingi za binafsi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari». Leo, kandokando ya kila mgodi, kuna kompani ndogo za kupika chakula, kulinda milango, kusafisha, kuunganisha vyuma, kubeba watu na kubeba mawe. Ndizo tunazoziita sutretansi. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za namna hiyo zimewekwa kwa kompani za Wakongomani. Hilo ni jambo jema. Lakini limetuletea ugumu mmoja ambao watu hawapendi kuusema kwa sauti.

UNDUGU NA KARATASI

Ugumu wenyewe ni huu: bwana mdogo wa kazi ni mtu wetu. Labda ni mtoto wa mjomba. Labda mnasali pamoja, au ni jirani aliyekuona huna kazi akakuhurumia. Utamwambia nini? «Kaka, niandikie kontra»? Atashangaa: «Wewe ndugu yangu huniamini?» Nawe unaona haya, unanyamaza.

Sisi tunasema: kudai karatasi si kumtukana ndugu. Ndugu anayekupenda ataandika jina lako siku ya kwanza, kwa sababu anajua kwamba yeye mwenyewe anaweza kufa, kufilisika au kuuza kompani. Bwana mpya hatajua mlisali wapi. Atatazama daftari tu.

Mabwana wadogo nao wana maneno yao, na si haki kuwanyima nafasi ya kusema. Wanasema: «Sisi si kompani kubwa. Tuna watu kumi na wawili. Kompani kubwa inachelewa kutulipa. Tukifuata karatasi zote tutakufa.» Ni kweli kwamba malipo yakichelewa bwana mdogo anaumia. Lakini Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi kwamba ni ya kompani kubwa tu. Mguu wa mtu wa kompani ndogo hauvunjiki kidogo. Tena, tuhesabu pamoja uone karatasi hizo ni nzito namna gani.

KARATASI NNE

1. Kontra. Lazima iandikwe, nawe upewe yako uiweke. Ieleze kazi gani, mahali gani, mshahara gani, muda gani. Kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili, na kwa kawaida haifanywi upya zaidi ya mara moja. Bwana asipoandika kitu, sheria inahesabu kwamba umeajiriwa bila kikomo, mpaka kionyeshwe kinyume. Na wewe wa siku kwa siku, shika vizuri hesabu hii: ukikwisha kufanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, na bwana akikuchukua tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, wewe si mtu wa kupita tena. Kontra yako imekuwa ya kudumu. Basi weka alama ya kila siku ya kazi katika kitabu chako cha nyumbani.

2. Cheti cha daktari. Tutakirudia hapa chini, maana ndicho watu wanachokidharau zaidi.

3. Karatasi ya mshahara. Kila unapolipwa, bwana anapaswa kukupa hesabu iliyoandikwa. Usitupe hata moja. Siku ya mashindano, karatasi hiyo ni shahidi asiyesahau.

4. CNSS, ile ambayo wazee waliiita INSS. Katika kila franka 1,000 za mshahara, wewe unakatwa 50, na bwana anatoa 130 zake. Katika hizo 130, franka 15 ndizo za ajali na magonjwa ya kazi. Kumi na tano katika elfu moja! Kwa ajili ya franka hizo, na hizo nyingine za pensheni na za familia, watu wanafichwa kama bidhaa ya magendo. Lakini nasi wafanyakazi tusijifiche. Wako wenzetu wanaomwambia bwana: «Usiniandike, nipe zangu zote mkononi.» Franka 50 alizokwepa baba leo, mjane na yatima watazitafuta kesho kwa machozi.

KIFUA HAKISAHAU

Sasa turudi kwa cheti cha daktari. Sheria inataka kila anayeajiriwa awe na cheti kinachoonyesha kwamba mwili wake unaiweza kazi ile. Wengine wanakinunua bila hata kuvua shati. Ndugu, umejidanganya mwenyewe.

Ajali ya mguu inaonekana na watu wote. Vumbi halionekani. Anayetoboa mwamba, anayesaga mawe, anayefagia chini ya mashine, anavuta vumbi la silika, laini sana, linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Ugonjwa wake unaitwa silikosi. Kwa kawaida hauji mwezi huu wala mwaka huu. Unaweza kuja baada ya miaka kumi au zaidi, hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwanza pumzi inapungua mtu akipanda kilima, kisha kikohozi, kisha hawezi kubeba hata ndoo ya maji. Na mapafu yaliyoharibika hivyo hufungua mlango kwa kifua kikuu. Dawa ya kuyarudisha kama yalivyokuwa haipo.

Sasa fikiri: katika miaka hiyo umefanya kazi kwa mabwana wanne, watano. Siku unapoanguka kitandani, kila mmoja atasema: «Ugonjwa huo hakuupata kwangu, alikuja nao.» Utajibu nini? Ukiwa na picha ya kifua ya siku ya kwanza inayoonyesha mapafu safi, na picha za miaka iliyofuata, unaweza kuonyesha ugonjwa ulianza lini na ulikuwa wapi. Usipokuwa nazo, una kikohozi tu.

Saa za kazi nazo ni vilevile. Sheria inasema saa 45 kwa juma, na zinazozidi zilipwe kwa nyongeza. Mahali pasipo na kitabu cha saa, hakuna anayejua kwamba dereva wa motokari hii ameshika usukani tangu jana jioni. Watu watasema breki zilikataa, kumbe macho ndiyo yaliyokataa. Unaona sasa namna karatasi inavyoweza kuzuia jiwe? Bwana anayeandika saa anajua nani amechoka. Bwana mwenye orodha ya majina anajua nani amefundishwa na nani bado, nani yuko ndani ya shimo na nani ametoka. Asiye na orodha, siku ukuta wa shimo unapoanguka, atahesabu kofia zilizobaki.

NANI AANZE?

Tunajua unachofikiri: «Nikidai, nitafukuzwa kesho, na watoto watakula nini?» Hofu hiyo si ya upumbavu. Mtu mmoja anayesimama peke yake ni rahisi kumwondoa. Kwa hiyo usiende peke yako. Nendeni kumi. Zungumzeni na delege wa sendika, hata kama ni wa kompani kubwa. Mkishindwa, nendeni Inspeksioni ya Kazi. Ndiyo kazi yake. Na kama hamna kontra, kusanyeni ushahidi mwingine: majina ya wenzenu, picha za simu, kadi ya mlangoni, ujumbe wa bwana unaowaita kazini. Sheria inamkubalia mfanyakazi kuonyesha kwa njia hizo kwamba alikuwa kazini.

Lakini maoni yetu ni kwamba mzigo huu usiachiwe aliye dhaifu. Aanze mwenye nguvu. Kompani kubwa ina mlango, na mlango una mlinzi. Mlinzi huyo hamruhusu mtu kupita bila kofia na viatu. Vizuri! Basi asimruhusu pia bwana mdogo kuingiza mtu asiye na kontra, cheti cha daktari na namba ya CNSS. Na kompani kubwa yenyewe ilipe sutretansi kwa wakati, ili bwana mdogo asipate kisingizio. Haifai kumwekea mtu kofia kichwani na kumwacha bila jina.

Nawe mfanyakazi wa kompani kubwa, mwenye matrikule yako, usimcheke jurnalie anayefanya kazi kando yako. Asiyefundishwa, aliyechoka, asiyejulikana, ndiye anayeweza kufungua umeme huku mkono wako ungali ndani ya mashine. Usalama wake ni usalama wako.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, neno la mwisho ni lako. Bwana wako akirudi leo jioni, akiisha kula na kupumzika, muulize maswali manne: Kontra yako iko wapi? Namba yako ya CNSS ni ngapi? Kazini wameandika kwamba mkeo ni nani na nyumba yetu iko wapi? Picha ya kifua ulipigwa lini? Asikasirike, humpelelezi, unamlinda. Karatasi hizo zitie katika mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya, na mtoto mkubwa ajue zilipo. Tena zipige picha kwa simu, umwachie ndugu mmoja unayemwamini.

Na kama akijibu, «Sina hata moja,» msigombane. Kesho azungumze na wenzake, keshokutwa waende pamoja.

Kofia kichwani, jina katika daftari: hivyo ndivyo mtu anavyokwenda kazini, na hivyo ndivyo anavyorudi.