Sekunde nane, miaka miwili



Siku moja ya Mungu, kisha ibada, baba mmoja mfanyakazi wa mine alinifikia pamoja na mtoto wake wa miaka 17. Mtoto alishika telefone, ndani yake video ya mtu anayerukishwa na ng'ombe dume.

“Angalia, ndugu yangu,” baba akasema. “Huyu mutoto anasema ku Amerika banasomea farasi ku universite! Miye nalipa feza ya masomo kila mwezi, yeye anaota muchezo.”

“Hapana muchezo, papa,” mtoto akajibu. “Kule banapata diploma.”

Niliwaomba wanipe wakati wa kutafuta maneno hayo vizuri. Leo najibu wote wawili, maana kila mmoja alishika kipande cha ukweli.

Kwanza, ni masomo ya kweli? Ndiyo. Kule magharibi mwa Marekani, ambako watu wamechunga ng'ombe juu ya farasi tangu zamani, kuko vyuo vinavyofundisha kazi hiyo. Katika mji mdogo wa Lamar, jimbo la Colorado, mwanafunzi anaweza kusomea miaka miwili kazi ya kufunza farasi. Huko Dillon, jimbo la Montana, chuo kikuu kimefungua hata masomo ya miaka minne.

Na ile video? Ile ni rodeo, neno la Kispanyola. Ilitoka katika kazi ya kukusanya ng'ombe na kuwafunga kamba. Wachungaji wa Mexico walikuwa mafundi wake wa kwanza. Wanafunzi wa vyuo wana chama chao cha rodeo tangu 1949, na tangu 1999 mashindano yao ya mwisho yanafanyika Casper, jimbo la Wyoming. Wasichana nao wanashindana: wanazungusha farasi mbio kwenye mapipa matatu, wanatupia ndama kamba. Lakini kuko sharti: mshindani anapashwa kuwa mwanafunzi kweli, mwenye pointi zinazotosha. Asiyesoma hapandi.

Basi, kijana, sikiliza. Mpanda ng'ombe dume anashika kamba kwa mkono mmoja; mkono mwingine haufai kugusa nyama. Akikaa sekunde 8, waamuzi wanampa pointi, nusu juu yake, nusu juu ya ng'ombe. Sekunde nane tu! Video inaonyesha hizo. Haionyeshi miaka miwili iliyobaki.

Asubuhi mapema, mwanafunzi yuko zizini anaondoa mavi. Farasi wa kilo 500 anakula karibu kilo 10 za majani makavu kwa siku, na lazima kujua majani gani. Farasi hawezi kutapika. Chakula kibaya kikimfunga tumbo, anaweza kufa. Kwato zake zinakatwa kila juma 6 hadi 8. Mwanafunzi anajifunza magonjwa, uzazi, meno, na hesabu ya feza pia, sababu farasi anayekula kuliko anavyozalisha anamaliza nyumba.

Kisha kunakuja farasi kijana ambaye hajapandwa na mtu hata siku moja. Hapo njo kazi yenyewe. Hawamrukii mgongoni. Siku za kwanza mwanafunzi anasimama naye chini, anamzoeza mkono, kamba, halafu tandiko. Anavuta kamba kidogo tu. Farasi akisogea hata hatua moja, mara moja analegeza. Wakufunzi wanasema farasi hajifunzi wakati unapovuta. Anajifunza wakati unapolegeza. Ukivuta bila kulegeza, anajua jambo moja tu: kupigana na wewe. Na ukimpiga kwa hasira leo, kesho atakumbuka. Xenophon, Mgriki aliyeandika kitabu juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuonya watu wasimkaribie farasi na hasira.

Sasa na wewe, baba. Woga wako si wa bure. Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa 1870, alijulikana sana kwa kuruka toka farasi na kuangusha ng'ombe kwa kushika pembe. Mchezo huo unafanywa mpaka leo. Lakini mwaka 1932 alikufa kisha kupigwa teke na farasi, yeye aliyewajua kuliko wengi. Mfupa ukivunjika, makofi ya watu hayalishi jamaa. Njo maana diploma ni ya lazima: mguu ukikataa kupanda, kichwa kingali na kazi, kama kulisha, kuzalisha, kufundisha wengine.

Nilipowaona tena, nilimuuliza kijana: “Mwanangu, unapenda nini hasa? Nyama, ao makofi ya watu?” Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Napenda nyama. Mbuzi za nkambo ni miye nachunga. Moja ikigonjwa, silale.”

Baba yake alimtazama. Jambo hilo alikuwa hajalisikia.

Kwetu farasi ni wachache. Mbung'o na ugonjwa anaouleta vimewazuia sehemu nyingi za Kongo. Kwa hiyo, kijana, usiuzishe vitu vya nyumba kwa kufuata video mpaka Wyoming. Lakini Universite ya Lubumbashi inafundisha uganga wa nyama. Mbuzi, ng'ombe, nguruwe, kuku: wote wanaomba mtu asiyelala wanapougua. Njia hiyo ni ndefu, inaomba biolojia na kemia, tena inaanza na kitabu ulichoacha chini ya kitanda.

Na baba, mtoto akipiga hatua moja, legeza kamba kidogo. Wakati huo njo anajifunza.

Ya kuongea nyumbani:
1. Wazazi, mnajua kazi gani mtoto wenu anaifanya bila kutumwa?
2. Vijana, katika kazi mnayoitamani, mmeona sekunde nane tu, ao miaka miwili pia?