Maumivu ya viungo Kamina: sindano inayoficha ugonjwa

Kamina, mtu akisema vidole vimevimba na asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati, jibu liko tayari: «Ile ni rimatismi.» Anapimwa malaria, anapimwa tifoide, anadungwa sindano. Siku chache nafuu, kisha maumivu yanarudi. Hapo jamaa wengine wanaanza kusema amelogwa.

Lakini rimatismi ni jina la magonjwa mingi. Moja, poliartriti rimatoide, inatoka kwa kinga ya mwili: inakosea, inashambulia viungo. Wanawake ndio wanapatwa zaidi. Na si ugonjwa wa Ulaya tu: utafiti wa waganga wa Kinshasa, uliotolewa 2012, uliukuta kwa watu karibu 6 kwa kila 1,000.

Kumfikia mtaalamu wa viungo mara nyingi ni kwenda Lubumbashi, karibu kilomita 600 kwa reli. Tiketi, malalo, chakula, vipimo: makuta inaisha mbele ya jibu. Juu ya hiyo, wengi wanabaki na deksa ya farmasi. Uvimbe unashuka, mashavu yananona, watu wanamsifu kama amepona. Ndani, kiungo kinazidi kuliwa. Deksa ya muda mrefu inapandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na kuikata ghafla ni hatari.

Kuna kazi inayoweza kuanza hapa hapa. Ugumu wa asubuhi unapita saa moja? Mikono yote miwili? Wiki sita zimepita? Kipimo cha VS hakiombi mashini kubwa: damu ndani ya mrija mwembamba, unangoja saa moja, unaangalia imeshuka kiasi gani. Hakitaji jina la ugonjwa, ila kinaonyesha kama mwili unawaka. Kwa kijana, sikoseli nayo ipimwe. Yote iandikwe kwa baruwa ya transferi, pamoja na kila dawa aliyokunywa, deksa ya kwanza, juu inaweza kumdanganya mtaalamu.

Halafu kuna mambo ya kurudi, yale hayasemwi sana. Dawa inayotumiwa kwanza, metotrekisate, inamezwa mara moja kwa juma, hapana kila siku, na mama mwenye mimba haruhusiwi. Inaomba damu ipimwe tena na tena, ini na chembe za damu. Nani atafuatilia hiyo Kamina? Safari moja ya Lubumbashi haitoshi; bila mganga wa karibu aliyepewa maagizo kwa maandishi, mgonjwa atarudi kwa deksa tu.