Skuta, betri na pesa ya kiwanja

Jamani, hapa Nyumba ya Mungu umeme wa bwawa unazalishwa tangu 1968, megawati 8. Sasa mume wangu naye kashikwa: anataka kung'oa injini ya skuta yetu aweke mota na betri, kwa pesa ya kiwanja!

Sikununa. Nilimwomba hesabu. Betri ya volti 60 na ampea-saa 40 inabeba uniti 2.4 za LUKU, kama kilomita 60 kwenye tambarare. Kupanda Usangi je? Hapo punguza sana. Na kinachokula pesa ni betri, siyo mota.

Dada, mwenzio akija na ndoto hii usimcheke. Muulize betri ikichoka nani atanunua nyingine. Mie nimesema kiwanja hakiguswi, injini iuzwe, tuanze na betri ndogo ya kumfikisha mwaloni na kurudi.