Kitumbua cha Mgeni Asiyekula Ngano

Siku ya shughuli, ukiingia jikoni hapa Usoke ukasema kuna mgeni asiyekula ngano wala maziwa, utajibiwa maneno yale yale. Nimeyasikia kwenye harusi, kwenye arobaini na kwenye Krismasi. Leo nayajibu, maana yupo mtu aliyeumia kwa sababu ya maneno hayo, na chakula kilichomuumiza nilimpa mimi.

Neno la kwanza ni kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Kwa upande wa maziwa, mambo ni kinyume kabisa. Watu wazima walio wengi duniani wamepungukiwa laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Watu wa Ulaya ya kaskazini na jamii za wafugaji ndio walio tofauti. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kuwa uwezo wa kumeng'enya maziwa ukubwani huku kwetu una chanzo chake cha kurithi, si kile cha Wazungu, na wala si kila mtu amerithi. Basi shangazi anayekunywa chai ya rangi miaka yote kwa sababu maziwa yanamjaza tumbo hadeki. Ngano nayo ina siliaki, ugonjwa ambao gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai, huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Mbona bibi zetu hawakuujua? Walikula mtama, uwele, ulezi na muhogo, na hamna gluteni humo. Tumbo lisilokutana na ngano litailalamikiaje?

"Sasa utampa nini, embe?" Embe ni chakula cha heshima katika nchi iliyopandwa miembe njia nzima ya misafara. Lakini tusiishie hapo. Enzi za misafara hiyo, Waarabu wa Unyanyembe walilima ngano kidogo kwa ajili ya meza zao. Kwa wengine wote ngano ilikuwa kitu cha kusikia. Vitamu tunavyovijua sana havikuihitaji. Kuna mkate wa kumimina, unaopaliwa makaa juu na chini. Kuna kashata za karanga, viazi vitamu vilivyopikwa kwa nazi, na matobolwa ya kutafuna na asali ya miombo.

Tena kuna kitumbua. Mchele unalowekwa usiku, asubuhi unasagwa pamoja na tui zito, hiliki, sukari na hamira, kisha unafunikwa mpaka uumuke na kutoa mapovu. Unaumimina kwenye chuma chenye mafuta ya moto, kingo zinageuka hudhurungi huku katikati bado kunatetemeka, ndipo unakigeuza kwa kijiti. Hakuna kilichopunguzwa kwa ajili ya mgonjwa. Ndivyo kilivyo.

Wapo wanaosema toa tu ngano kwenye keki, weka unga wa mchele, yameisha. Hapana. Gluteni ndiyo inayoshikilia hewa ndani ya donge. Ukiiondoa bila kuweka kingine cha kushika, keki inapasuka na kumwagika kama mchanga. Mayai husaidia. Ila kwa nini uhangaike kuigiza keki, na chuma cha vitumbua kinaning'inia ukutani?

Kuhusu nazi kuwa ghali, hapo wana haki. Nazi inatoka pwani, na safari hiyo lazima ilipiwe. Lakini wilaya yetu ya Urambo ni ile ile Waingereza waliyoijia baada ya mwaka 1947 na mpango wao mkubwa wa kulima karanga. Mpango ulikufa, karanga zipo. Loweka karanga mbichi, menya, twanga, changanya na maji ya uvuguvugu, kamua kwa kitambaa safi: unapata tui linalokubali vitumbua vizuri, lenye ladha ya kwetu. Muulize mgeni kwanza, kwani karanga nazo zina watu zinaowadhuru.

"Samli si maziwa." Samli ni mafuta ya maziwa. Anayesumbuliwa na sukari ya maziwa pengine ataivumilia, kwa kuwa sukari hiyo karibu yote imeondoka. Mwenye mzio wa protini ya maziwa usimpe hata ya kupaka sinia.

Limebaki lile linaloniuma: "Kidogo tu hakimdhuru." Mgeni wangu alikuwa na siliaki, akaniamini niliposema vitumbua ni mchele mtupu. Mama aliyetusaidia kukoroga aliona uji umekuwa mwepesi, akatia kijiko cha unga wa ngano ili ushike, kama wapishi wengi wafanyavyo, na mimi sikuwa nimemweleza lolote. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 kwa kilo; kijiko kimoja cha ngano katika kilo ya uji kinapita hapo zaidi ya mara 20. Usiku kucha nilimsikia akitoka na kurudi.

Tangu hapo mafuta yaliyokaanga maandazi hayarudi kwenye chuma cha vitumbua. Chekecheo ni mbili, ya mchele ina uzi mwekundu. Mchele nautwanga nyumbani kwa kinu, sipeleki mashineni ambako labda ngano imetangulia kusagwa. Na kila anayeshika mwiko namwambia mapema, kwa jina la mgeni, kwa nini.

Alirudi mwaka uliofuata. Kabla hajakaa nilimpeleka jikoni, nikamwonyesha kinu, chekecheo na chupa mpya ya mafuta. Alisimamia vitumbua mwenyewe mpaka cha mwisho kikaiva, akala vitano, akaomba vingine vya kula kwenye treni ya Kigoma.