Loji Siyo Mbuga, Wasee

Kila likizo ikikaribia, video ni zile zile: bwawa la kuogelea, glasi ya juisi, ndovu kwa mbali, na maneno "Tembea Kenya". Mtu akiuliza bei ya usiku mmoja, anajibiwa "njoo inbox". Wenzangu mnaounda maudhui, hapo hamjamkaribisha Mkenya mbugani. Mmemfungia nje.

Mimi nasema hivi: wengi wetu hatushindwi na geti, tunashindwa na kitanda. Mmetufundisha kuchagua loji kwanza, halafu mbuga ndio ifuate. Geuzeni hiyo hesabu.

Chukua Tsavo Mashariki. Geti la Voi liko karibu kabisa na mji wa Voi, na mjini kuna vyumba vya kawaida, vile madereva wa masafa marefu hulala. Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza. Tiketi ya KWS ni ya saa 24, na ni ya kuingia mara moja. Ukitoka jioni kwenda kulala mjini, kesho unalipa upya. Ulichookoa kwa chumba kimeishia getini.

Kwa hivyo ukilala Voi, ingia geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kaa ndani mpaka jioni, basi. Ukitaka siku mbili, ingia saa nane mchana, lipia kambi, piga hema pale Ndololo ndani ya mbuga. Zunguka jioni, zunguka tena asubuhi mapema, na kabla ya saa nane uwe umetoka. Tiketi moja, mizunguko miwili. Beba chakula na maji yako, na usiku usizurure, kambi haina ua.

Mtasema hema si la nyanya wala mtoto mchanga. Kweli kabisa. Ndiyo maana tunafaa kupigia kelele mabanda ya KWS ya kujipikia, yaongezwe na yatunzwe. Tsavo ni mbuga ya taifa tangu 1948. Taifa ni nani kama si huyo nyanya?

Sasa ukipost mbuga, weka bei ya kulala hapo hapo, mbele ya watu wote. Kama unaionea haya hiyo bei, usituambie ni utalii wa Wananchi.