Rangi Haivuti Mabehewa

Nenda Makumbusho ya Reli hapo Nairobi, usimame kando ya 5918, Mount Gelai. Hilo dude lilitengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, moja kati ya 34 za aina yake. Kwenye reli za upana wa mita moja, hakujawahi kutembea injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizo. Watu wanapiga selfi, wanaenda zao.

Sasa taja kufufua injini kama hiyo uone. Wa kwanza: "Si ipakwe tu rangi?" Wa pili: "Hayo ni mabaki ya mkoloni, yauzwe skrepa." Wa tatu, mwenye tai: "Spea ziagizwe Uingereza." Huyu wa tatu ndiye ananiudhi zaidi.

Ziagizwe kwa nani? Beyer Peacock ilifungwa 1966. Kila bolti na kila mshikio uliopotea lazima mtu autengeneze upya. Swali ni moja tu: mtu yupi?

Na bolti si bolti tu. Injini za Waingereza enzi hizo zilifungwa kwa vipimo vya Whitworth: inchi, na meno ya pembe ya digrii 55. Za metriki unazouziwa leo ni digrii 60. Tia bolti ya milimita 12 kwenye nati ya nusu inchi ya Whitworth, meno hayatashikana sawasawa. Fundi wa haraka ataichomelea. Hapo ameharibu kipande cha asili, na amemfungia njia fundi wa kesho atakayetaka kukifungua.

Mimi niliacha uinjinia mwaka wa pili. Chuoni nilichora bolti nyingi sana, sikukereza hata moja. Ya kwanza niliitengeneza Kariobangi, kwa mzee mwenye mashine ya kukereza ya kizamani, ambayo gia zake bado zinahesabu kwa inchi. Nilimpelekea nati kuukuu. Akatoa kopo la bolti za zamani, akajaribu ya pili, ikaingia. "Nusu inchi, meno kumi na mawili." Jioni nikaondoka na bolti mpya inayoingia kwa vidole.

Mtasema jua kali na boila haviendani. Kweli kabisa. Boila ni bomu. Linataka chuma chenye cheti na mkaguzi. Waingereza wenyewe walipojenga Tornado, injini mpya ya mvuke iliyokamilika 2008, boila walitengenezewa Ujerumani. Sawa, boila tuagize. Lakini bawaba? Fremu za taa? Vikombe vya mafuta vya shaba? Hata hizo?

Mkoloni alileta mchoro. Lakini waliozifungua na kuzifunga injini hizo, mikono ikinuka mafuta, wengi walikuwa babu zetu. Hiyo ndiyo urithi, si rangi.

Mzee wangu wa Kariobangi hana mwanafunzi. Chuma kinaweza kungoja miaka mingine kumi. Yeye hawezi. Kwa hivyo nyinyi wenye tenda, ipelekeni kazi huko, na muandike kwenye masharti: kila fundi aje na kijana mmoja.